Kura za Papo kwa Papo Katika Madarasa ya Afya Mtandaoni: Zana Ipi Ifanye Kazi Ipi

Anayefundisha uuguzi, famasia au udaktari kupitia skrini mara nyingi huongea na visanduku vyeusi. Kamera zimezimwa, sauti zimefungwa, na akiuliza "mmeelewa?" anajibiwa na ukimya, au na wale wawili wanaojibu kila siku. Darasani ana kwa ana angeona paji la uso likikunjamana na kalamu ikisimama. Mtandaoni haoni kitu, na ndipo kura za papo kwa papo zinapofaa: swali linatokea kwenye simu au kompyuta ya kila mmoja, wote wanajibu kwa pamoja, na mkufunzi anaona mgawanyo wa majibu hapohapo.

Zana za kazi hii ni nyingi, na nyingi husifiwa kwa rangi, muziki na michoro inayorukaruka. Hapa tumezipima kwa swali moja: je, zana inamwonyesha mkufunzi kosa la fikra la mwanafunzi kabla kosa hilo halijafika wodini? Kwa kipimo hicho, kura iliyomo ndani ya programu ya kikao yenyewe inatosha kwa sehemu kubwa ya vipindi. Zana ya nje ina haki ya kuingizwa pale tu aina ya swali inapoihitaji.

Kura ya ndani ya kikao: Zoom, na wenzake

Ubora wa kura za Zoom ni kwamba mwanafunzi hatoki mahali alipo. Wengi hufuata kipindi kwa simu moja tu. Ukimwambia afungue kivinjari, aandike anwani, kisha msimbo, anaacha picha ya somo, anapoteza sentensi 3 za maelezo, na akirudi wenzake wameshafunga swali. Dirisha la kura la Zoom linamjia juu ya somo. Anagusa jibu, anatuma, basi. Teams nayo ina kura zinazotegemea Microsoft Forms, na Google Meet ina zake kulingana na aina ya usajili wa chuo. Kama chuo kimeshalipia mojawapo, anzia hapo.

Zoom inataka mwenye kikao awe na akaunti ya kulipiwa, na kipengele cha kura kiwe kimewashwa kwenye mipangilio ya akaunti kupitia kivinjari. Wakufunzi wengi hukwama hapa: wanatafuta kitufe cha kura dakika 2 kabla ya somo na hakipo, kwa sababu msimamizi wa mfumo wa chuo hajakiruhusu. Fanya hivi siku moja kabla. Ingia kwenye akaunti kwa kivinjari, fungua kikao ulichokipanga, andika maswali yote, yape majina yanayoeleweka (kwa mfano "Swali 2 – dozi ya mtoto", si "Kura 2"), kisha ingia kwenye kikao hicho kwa simu ya pili kama mwanafunzi na ujipigie kura. Simu hiyo ya pili itakuonyesha mambo ambayo skrini ya mkufunzi haionyeshi kamwe.

Jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba kwenye simu dirisha la kura hufunika slaidi. Kama swali linahusu picha ya eksirei au mchoro wa mapigo ya moyo, mwanafunzi hawezi kuiona picha na kujibu kwa wakati mmoja. Dawa yake ni rahisi. Weka picha, swali na majibu yote kwenye slaidi, wape sekunde 30 za kutazama, na ndani ya kura andika tu "Jibu lako ni lipi?" likifuatwa na A, B, C, D. Mchoro wa moyo wenye mistari 12 usiutie wote kwenye slaidi moja. Kata sehemu inayobeba jibu, ikuze hadi vile visanduku vidogo vihesabike. Kama visanduku havihesabiki, utakuwa umepima macho ya mwanafunzi na ubora wa mtandao wake, si ujuzi wake.

La pili ni jina. Kura isiyo na majina huchaguliwa kabla ya kuifungua, na ukisahau huwezi kurudisha ahadi nyuma. Kwa maswali ya ukokotoaji majina hayana madhara. Ila ukiuliza "Umempa mgonjwa dawa isiyo yake na hakuna aliyeona, utafanya nini kwanza?", au swali lolote linalogusa afya ya akili, unyanyapaa au makosa ya kazini, majina yakionekana utapata majibu ya mtihani badala ya majibu ya kweli. Watangazie kwa sauti kwamba kura haina majina, na hakikisha ni kweli. Darasa likigundua mara moja tu kwamba lilidanganywa, halitakuamini tena muhula mzima.

Toleo la zamani la programu huenda lisionyeshe dirisha la kura, na aliyejiunga kwa kupiga simu ya kawaida hatapata kitu. Kwa hiyo weka njia ya akiba, ambayo kwa kweli ni zana nzuri yenyewe: soga, yaani sehemu ya kuandikiana ujumbe ndani ya kikao. Waambie waandike herufi ya jibu lao lakini wasitume hadi useme "tuma". Majibu yanamiminika kwa mpigo na hakuna aliyemnakili mwenziwe. Haina gharama wala mipangilio. Udhaifu wake ni kwamba kila jibu lina jina la mwenyewe, na hesabu ya majibu unaifanya kwa macho. Zaidi ya watu 40 inakuwa vurugu.

Zana nzuri haiokoi swali baya

Sehemu kubwa ya kura zinazoshindwa zinashindwa kwenye uandishi wa swali. Kura ya "Nani anakumbuka dalili ya kwanza?" huleta asilimia 95 ya majibu sahihi na haimfundishi mtu. Swali zuri la kura lina majibu yasiyo sahihi yaliyozaliwa na makosa ambayo watu huyafanya kweli.

Chukua dozi ya paracetamol. Mtoto ana kilo 12, dozi moja ni mg 15 kwa kila kilo, na dawa ya maji ina mg 120 katika kila ml 5. Apewe ml ngapi? Jibu ni 7.5: mg 180 zikigawanywa kwa 120, kisha mara 5. Sasa tazama vipotoshi, yaani majibu yasiyo sahihi. Jibu la 1.5 litachaguliwa na aliyegawa vizuri lakini akasahau kuzidisha kwa 5. Jibu la 3.3 ni la aliyepindua kanuni, akagawa 120 kwa 180. Jibu la 36 ni la aliyegawa 180 kwa 5 bila kuijali ile 120, na huyo angempa mtoto karibu mara 5 ya dozi. Ukiona asilimia 20 ya darasa imeangukia 36, unajua hasa cha kurekebisha, tena kwa dakika 2. Ungeweka 6, 7, 8 na 9 kama vipotoshi, ungejua tu kwamba wamekosea.

Hapohapo kwenye uandishi wa namba kuna kanuni ya usalama wa dawa isiyosameheka: andika 0.5 mg, usiandike .5 mg, andika 5 mg, usiandike 5.0 mg. Nukta isipoonekana, .5 husomeka 5 na 5.0 husomeka 50. Mwanafunzi hujifunza kuandika kwa kutazama kura zako. Na kama zana inamtaka aandike namba mwenyewe badala ya kuchagua, jaribu kwanza kuandika 7.5 na 7,5. Kibodi za simu hutofautiana kulingana na lugha iliyowekwa, na mfumo unaweza kumkosesha aliyepata. Kwa ukokotoaji wa haraka, swali la kuchagua ni salama zaidi.

Mfano mwingine unaolipa kila unapotumika ni wa kipimo cha ugonjwa. Ugonjwa uko kwa mtu 1 kati ya 100. Kipimo hugundua wagonjwa 90 kati ya 100, na kwa wasio wagonjwa hutoa jibu hasi kwa 90 kati ya 100. Mtu amepimwa, jibu lake ni chanya. Kuna uwezekano gani kwamba kweli anaumwa? Weka asilimia 90, 81, 50 na 8. Wengi hukimbilia 90. Kisha hesabu pamoja nao kwa watu 1,000: wagonjwa ni 10, kipimo kinawapata 9, wasioumwa ni 990, na kati yao 99 wanapewa jibu chanya la uongo. Chanya zote ni 108, wagonjwa wa kweli humo ni 9, yaani asilimia 8 na kidogo. Kura ikitangulia hesabu, mwanafunzi anakuwa ameshaweka dau lake, na anasikiliza kwa sababu anataka kujua ametelezea wapi. Hesabu ikitangulia kura, anaitikia kwa kichwa tu na kusahau.

Kura mbili kwa swali moja

Namna bora ya kulitumia swali kama hilo ni ile aliyoianzisha Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, miaka ya 1990: kura, majadiliano ya wenyewe kwa wenyewe, kisha kura tena. Mtandaoni inaenda hivi. Fungua kura ya kwanza bila kuonyesha matokeo. Ikifungwa, tazama peke yako. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, swali halijadiliki; rudi ufundishe. Wakiwa juu ya asilimia 70, eleza kwa ufupi uendelee. Katikati hapo ndipo penye utajiri: wagawe kwenye vyumba vidogo vya watu 3 au 4 kwa dakika 3, wape kazi moja tu ya kushawishiana, warudishe wote, kisha fungua kura ya pili.

Mambo mawili huiharibu njia hii. La kwanza ni kuonyesha matokeo mapema. Mwanafunzi akiona nguzo ya B kwenye chati ya matokeo imepanda, anahamia B, na majadiliano yanakuwa ya kuitetea nguzo. Zana zinazochora matokeo mbele ya wote huku watu wakiendelea kujibu zina kosa hili tangu mwanzo, usipozima kipengele hicho. La pili ni kutumia kura ileile mara mbili. Tengeneza nakala yake mapema, moja uiite "kabla" na nyingine "baada", ili taarifa ya mwisho ikupe raundi zote mbili bila utata. Kwenye darasa la watu 30 kumbuka pia kwamba kila mmoja ni zaidi ya asilimia 3. Watu wawili wakibadili mawazo, nguzo inaruka. Usisome sana tofauti ndogo.

Muda: swali la kumbukumbu sekunde 30 hadi 40, kisa cha mgonjwa sekunde 90, hesabu ya dozi dakika 2 hadi 3 na kalamu mkononi. Funga pale asilimia 80 hivi wanapokuwa wamejibu, baada ya kutoa onyo la sekunde 10. Kura 3 hadi 5 kwa saa zinatosha. Zikizidi hapo watu wanabonyeza ili dirisha liondoke. Na kama kipindi kinarushwa kupitia YouTube badala ya kikao cha kawaida, picha huchelewa kwa sekunde kadhaa, hivyo unaweza kufunga swali ambalo wengine ndiyo kwanza wanalisikia. Ongeza nusu dakika.

Zana za nje: ipi inastahili usumbufu wake

Wooclap, ya Ubelgiji, ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza kwa masomo ya afya, na sababu ni aina za maswali. Mwanafunzi anaweza kugusa mahali kwenye picha, au kupachika majina kwenye mchoro. Swali la "gusa mahali utakapochoma sindano ya msuli wa paja kwa mtoto mchanga" haliwezi kuulizwa vizuri kwa A, B, C, D, kwa sababu majibu yenyewe yanamwelekeza. Kwa kugusa, unaona nukta 60 zimetawanyika, na zile zilizokwenda kwenye tako zinajieleza zenyewe.

Lakini kilichotuvuta zaidi ni kwamba ina jaribio la ulinganifu wa fikra za kitabibu, lile lililobuniwa na Bernard Charlin wa Chuo Kikuu cha Montréal. Unampa mwanafunzi kisa kisicho na jibu la mkato: mgonjwa yuko siku ya pili baada ya upasuaji wa nyonga, ghafla anapumua kwa shida, na unafikiria donge la damu limefika mapafuni. Sasa unaambiwa mguu wake mmoja umevimba. Dhana yako imepungua nguvu sana, imepungua kidogo, iko palepale, imeongezeka kidogo, au imeongezeka sana? Ni mizani ya kutoka −2 hadi +2. Alama hutoka kwa jopo la wataalamu waliojibu kabla, kwa kawaida 10 hadi 15. Wataalamu 10 kati ya 15 wakichagua +2 na 5 wakichagua +1, aliyechagua +2 anapata alama 1, na aliyechagua +1 anapata nusu. Hivyo mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba hata mabingwa hutofautiana, na kwamba tofauti yao ina mipaka. Kazi ya kulipata jopo ni kubwa, hatufichi. Usianze na visa 20. Visa 4 vilivyopikwa vizuri vinatosha kipindi kizima.

Poll Everywhere, ya Marekani, nayo ina swali la kugusa picha, na katika nchi kadhaa inapokea majibu kwa ujumbe mfupi wa simu. Kwa mwanafunzi aliyeishiwa intaneti katikati ya somo hilo ni jambo kubwa. Hakikisha tu kwamba nchi mliyopo inahudumiwa kabla ya kuliahidi darasa.

Mentimeter, ya Sweden, inapendeza na ni rahisi kuijua. Mizani zake ni nzuri kwa swali la "unajiamini kiasi gani kuweka kanula peke yako?", ambalo linafaa kuulizwa kabla na baada ya somo. Wingu lake la maneno ndilo linalopendwa kupita kiasi. Kwa kufungua mjadala, sawa. Kwa kupima uelewa, hapana: "homa", "homa kali" na "joto la mwili" huhesabika kama majibu matatu, na neno kubwa katikati ya skrini linaweza kuwa kosa lililorudiwa na wengi, likabaki kichwani kuliko sahihisho lako. Msimbo wa kujiungia una muda wa kuisha, kwa hiyo usiuchapishe kwenye mwongozo wa somo wa muhula mzima. Uangalie asubuhi ya kipindi.

Slido, iliyozaliwa Slovakia na kununuliwa na Cisco mwaka 2021, tungeitumia kwa maswali ya wanafunzi kuliko kwa kura. Wanaandika maswali bila majina, wenzao wanayapigia kura yapande juu, na mkufunzi anaanza na lile linalowasumbua wengi. Kwa somo la afya ya uzazi, au la jinsi ya kumpa mgonjwa habari mbaya, hapo ndipo maswali ya kweli hutoka. Washa kipengele cha kuyapitia maswali kabla hayajaonekana.

Kahoot ya Norway ina mahali pake, ila si kwenye fikra za kitabibu. Alama zake hupanda kwa anayejibu haraka. Kwa majina ya mifupa ya mkono au makundi ya viuavijasumu, mbio hizo zinachangamsha. Kwa swali la "mgonjwa yupi ahudumiwe kwanza?", unamfundisha mwanafunzi kwamba aliyewahi kubonyeza ni bora kuliko aliyesoma kisa mpaka mwisho. Ukilazimika kuitumia kwa visa, ongeza muda wa swali hadi dakika 2 au zaidi (inaruhusu hadi 4) na uondoe alama. Tunaisifu kwa jambo moja: kila jibu lina umbo pamoja na rangi, hivyo asiyetofautisha nyekundu na kijani haachwi nyuma.

Matoleo ya bure ya zana hizi karibu yote yana kikomo cha washiriki au cha maswali, na vikomo hivyo hubadilishwa mara kwa mara. Hesabu darasa lako lote, pamoja na wale wanaojiunga kwa vifaa viwili, kisha usome ukurasa wa bei siku unayopanga kipindi. Kikomo kikifikiwa katikati ya somo, wanaofungiwa nje ni wale wenye mtandao dhaifu waliochelewa kuingia.

Faragha na alama

Picha unayoipakia kwenye zana ya nje inakaa kwenye kompyuta za kampuni nyingine. Eksirei yenye jina, namba ya faili au tarehe pembeni isipakiwe. Usiishie kuifunika kwa kisanduku cheusi kwenye slaidi, maana kisanduku huondolewa kwa mguso mmoja. Ikate picha yenyewe, kisha ihifadhi upya. Sura, chale na alama za mwili zinazomtambulisha mtu zinahitaji ridhaa yake hata kama jina halipo.

Kuhusu kuzipa kura alama za mwisho wa muhula, msimamo wetu ni kutoa alama kwa kushiriki, si kwa kupata. Mara kura inapobeba alama za usahihi, majibu yanazunguka kwenye kundi la WhatsApp la darasa ndani ya sekunde 20, na chati yako nzuri inaonyesha fikra za mtu mmoja aliyenakiliwa mara 80. Mwenye uoni hafifu au anayetumia kisoma skrini apewe maswali mapema au muda wa ziada, jambo ambalo kura isiyo na alama inaliruhusu bila malalamiko.

Baada ya kipindi pakua taarifa ya kura siku hiyohiyo na utafute swali ambalo zaidi ya theluthi mbili walikosa. Kabla ya kuwalaumu, lisome upya ukiwa umefunika majibu: kama huwezi kulijibu bila kuona machaguo, swali ndilo bovu, liandike upya. Kama ni zima, libadilishe kidogo, mtoto awe na kilo 9 badala ya 12, na uliweke liwe kura ya kwanza ya kipindi kijacho.